Honoré Kashindi Lubunga, Aliyesimama Juu ya Wali

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa Uvira na Bujumbura, ndugu zetu wa Kigoma na Zanzibar, majirani wa Sydenham, na ninyi mliofunga maduka yenu mjini leo Jumamosi, siku ambayo wateja ni wengi, ili kuja kukaa nasi, nawasalimu kwa niaba ya familia ya marehemu baba yetu, Mzee Lubunga. Jina langu ni Élisabeth, wengi mnanifahamu kwa ajili ya saluni, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na ndimi niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujampeleka makaburini.

Karatasi niliyopewa na kamati ya mazishi imeandikwa vizuri, imepigwa chapa, na mahali pa kazi inasema kwamba marehemu alijishughulisha na sekta ya hoteli. Mstari huo nimeukata kwa kalamu. Nyuma yenu, juu ya ile meza fupi karibu na mlango wa jikoni, kuna sanduku kubwa la mbao lililofunikwa kitambaa cheupe, na wengi wenu mmelipita mkiingia huku mmeshika pua, nimewaona, wala siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilishika yangu. Ndani ya sanduku hilo imo kazi ya marehemu, mke wake Constance amelijaza tangu asubuhi kama alivyofundishwa na mumewe, lakini bado halijakandamizwa, na lisipokandamizwa kabla hatujatoka hapa, chakula chote kilichomo kitatupwa. Marehemu aliacha neno kwamba wa kupanda juu ya sanduku hilo ni mimi. Nimemwambia Constance kwamba jibu langu nitalitoa nikimaliza kusoma, kwa hiyo nitasoma yote, na sitawaficha kwamba ninasoma nikiwa na kinyaa.

Marehemu Honoré Kashindi Lubunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika mtaa wa Kalundu, mjini Uvira, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mzee Lubunga, aliyekuwa mpakuaji wa mizigo bandarini, na Mama Spès, aliyekuwa akiuza samaki katika soko la Mulongwe. Alizaliwa na kilo tano, mkunga alimpima mara mbili kwa kutoamini, akamwita mama mwingine aje kushuhudia, na tangu siku ile watu hawakuacha kumpima. Sisi watoto wa Mama Spès tulikuzwa kwa samaki, mukeke wa kuchoma na ndagala za kukaushwa, na nyumbani kwetu samaki alikuwa na taratibu zake, alichomwa mpaka ngozi ikapasuka, au alikaangwa, au alianikwa juani mpaka akawa mgumu, wala hakuna aliyewahi kufikiri kumlaza samaki ndani ya siki na kumla bila moto kumgusa. Nayasema haya mapema ili mjue kinyaa changu kilikotoka.

Kuhusu masomo, marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Kalundu kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, akaendelea na sekondari upande wa ualimu, ambako vita vilimkatizia masomo mwaka mzima, akarudi darasani, na mwezi wa Julai 1998 akapata diploma ya serikali kwa asilimia sitini na nne. Kuanzia Septemba 1999 alifundisha hesabu darasa la tano, miaka mitano, mara nyingi bila mshahara, na hata alipokuwa Durban alikuwa akisahihisha hesabu za watoto wa majirani kwenye ngazi za jengo, bila kuombwa na mtu.

Mwezi wa Juni 2004 vita viliporudi Uvira, marehemu alivuka kwenda Kigoma, akakaa kambini miaka minne, kisha akashuka kwa mabasi na malori kupitia Zambia na Msumbiji, na tarehe 9 Septemba 2008 akafika Durban, mlangoni pangu, katika jengo nililokuwa nikipanga katikati ya mji, akiwa na mfuko mmoja na ile diploma ndani ya plastiki. Nilimpikia ugali na samaki wa kukaanga. Alikula sahani tatu.

Sasa tumefika kwenye kazi. Marehemu alianza kama mlinzi wa magari pwani, kama walivyoanza wengi mliokaa hapa, miaka miwili ya kusimama juani na kupunga mkono watu warudi nyuma, na mwaka 2010 akahamia Warwick, akawa mchukuzi sokoni, akivuta toroli la mboga kati ya magari ya taxi na wauza dawa za miti. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane, nazo hazikuwa za mafuta, zilikuwa za mtu aliyeumbwa mzima mzima. Jumanne tarehe 17 Mei 2011 alibebeshwa mzigo na mama mmoja mzee wa Kijapani, aliyekuwa akinunua majani ya migomba na mizizi ya yungiyungi kwa wauzaji Wahindi, anaitwa Mama Murashige, mjane wa fundi wa meli aliyefia hapa Durban. Mama huyo hakumuuliza jina, alimzunguka mara moja, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza ana kilo ngapi. Marehemu alidhani ni mambo ya afya, akamjibu kwa adabu, na yule mama akamwambia aje kesho akiwa ameoga.

Hivyo ndivyo mwalimu wa hesabu mwenye diploma alivyoajiriwa kwa sababu ya uzito wake, kama jiwe. Mnasikia nilivyosema? Ndivyo nilivyomwambia yeye jioni ile, kwa maneno hayo hayo, na alicheka, akasema kwamba jiwe halipewi chai saa nne, yeye alipewa.

Kazi yenyewe nitaieleza, kwa kuwa wengi wenu mmeicheka bila kuijua. Mama Murashige alitoka Iwakuni, mji mdogo huko kusini mwa Japani, na watu wa huko wana sushi yao ambayo hata Wajapani wengine hawana, haiviringishwi na haitengenezwi tonge moja moja, inapangwa katika sanduku kubwa la mbao la kulisha watu mia na zaidi, kwa harusi na sikukuu. Unatandika majani ya mgomba, unaweka wali uliotiwa siki na sukari, juu yake samaki aliyelazwa kwenye siki, mayai yaliyokatwa nyuzi nyuzi, uyoga, mizizi ya yungiyungi yenye matundu, na unga wa samaki uliotiwa sukari na rangi ya waridi, kisha majani tena, wali tena, tabaka nne au tano, halafu unafunika kwa kifuniko cha mbao, na mtu anavua viatu anapanda juu. Ndiyo. Anasimama juu ya chakula cha watu. Anatembea polepole kutoka pembe moja hadi nyingine, anasimama katikati akihesabu pumzi zake, anashuka, wanaweka mawe juu ya kifuniko kwa saa mbili, ndipo sanduku linafunguliwa na kukatwa vipande vya mraba kwa kisu kirefu.

Nilipelekwa kuiona mara moja, mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na nilitoka nje kabla haijaisha. Harufu ya siki katika chumba kilichofungwa ilinikumbusha dawa ya kunyoosha nywele, ile rangi ya waridi ilikuwa rangi ya kucha, samaki mwenye sukari ni jambo ambalo mpaka leo likipita akilini mate yananijaa mdomoni, siyo mate ya hamu, na juu ya uchafu huo wote alisimama mdogo wangu na soksi nyeupe, macho amefumba, kama mtu anayesali. Walinieleza kwamba miguu haigusi kitu, kwamba kuna ubao, kuna kitambaa, kuna majani, kwamba miguu huoshwa mara tatu. Nilielewa yote. Kinyaa hakikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo nilifanya mawili, na leo nayataja mbele ya jeneza lake. La kwanza, niliwaambia wazee wa kanisa kwamba Honoré amepata kazi ya useremala, kwa sababu kulikuwa na sanduku na mbao, na ndiyo maana baadhi yenu mlimletea viti vyenu vilivyovunjika, naye akavitengeneza, akijifunza usiku kucha kwenye simu, ili nisionekane mwongo. La pili, ndani ya saluni yangu, mbele ya wateja, nilimpa jina la Bwana Miguu. Jina hilo mlilitumia miaka kumi na tatu, kwenye harusi, kwenye ibada, hata watoto wake waliitwa watoto wa Bwana Miguu shuleni, na kila mtu alidhani limetoka barabarani. Lilitoka mdomoni mwangu, nikiwa nimeinama namsugua mteja nyayo kwa jiwe, maana mimi, kama mnavyojua, nimesomesha watoto wangu kwa kuosha miguu ya watu.

Kuhusu ndoa, turudi nyuma kidogo, marehemu alifunga ndoa takatifu na Constance Nimbona, binti wa Bujumbura, Jumamosi tarehe 4 Desemba 2010, hapa hapa kanisani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Blaise, aliyezaliwa tarehe 23 Julai 2012, na Anaïs, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2015. Walihamia Sydenham mwaka huo wa 2015, wakapata vyumba viwili na jiko, na marehemu aliishi na mke wake bila kelele, nasi tuliokuwa na kelele nyumbani kwetu tulikuwa tunakwenda kwao kupumzika.

Siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 2015, Anaïs alibatizwa, na marehemu kwa mara ya kwanza aliomba ruhusa ya kuleta sanduku la Mama Murashige nyumbani kwake ili awalishe wageni chakula cha mikono yake. Alifanya kazi siku mbili. Kipande cha kwanza alikikata akaniletea mimi, dada mkubwa, kwenye sahani, juu ya jani la mgomba, akapiga goti kama tulivyofundishwa na mama. Nilikitia mdomoni. Nilikitema kwenye kitambaa cha karatasi mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti kwamba chakula kilichokanyagwa na miguu ni cha nguruwe, na watu wakacheka, wakarudisha sahani zao mmoja mmoja, wakaenda kwenye kuku. Marehemu alichukua ile sahani yangu, alichukua na kile kitambaa, akaenda navyo jikoni. Sikumwona kwa saa nzima. Tangu siku ile, kila nilipokwenda kwake alinichemshia mayai mawili na viazi, akaniwekea pembeni, wala hakuwahi tena kunipa sushi ile wala kunitajia.

Tarehe 20 Januari 2019 Mama Murashige, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, alirudi kwao Iwakuni kuishi na binti yake, na alimwachia marehemu sanduku, kisu, na kile kifuniko ambacho katikati yake mbao zimeng'aa kwa soksi zake. Constance anasema kwamba pale uwanja wa ndege yule bibi aliinama mbele ya marehemu mpaka kiunoni na kukaa hivyo, watu wakiwapita na masanduku yao, na marehemu naye akainama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.

Baada yake marehemu aliajiriwa na bwana mmoja anayepika kwenye karamu za makampuni, ambaye jina lake sitalitaja ndani ya kanisa. Bwana huyo hakupenda sushi ikandamizwe jikoni, alitaka ikandamizwe ukumbini, chini ya taa, wageni wakiwa na glasi mkononi. Alileta mzani wa kupimia magunia, akampandisha marehemu juu yake, wageni wakabahatisha kilo, aliyepatia akapewa zawadi, kisha marehemu alipanda kwenye sanduku na watu wakapiga picha za nyayo zake kwa karibu. Pembeni kulikuwa na bango lenye picha yake na namba mia moja na kumi na nane. Mimi chakula kile kilinitia kinyaa miaka yote, lakini nawaambia kweli, mambo ya bwana yule yalinifundisha kwamba nilikuwa sijaanza kujua kinyaa ni nini. Marehemu alivumilia kwa sababu alikuwa na watoto wawili shuleni, na kwa sababu, alivyomwambia Constance, wageni wakishamaliza kupiga picha wanakula, na wakianza kula wananyamaza.

Kuhusu ugonjwa, ulianza katikati ya mwaka 2023, chakula kikawa hakishuki, akawa anakula kijiko kimoja na kusogeza sahani, akasema ni asidi tu. Mwezi wa Januari 2024 alikuwa na kilo tisini na nne, na namba kwenye bango ilikuwa ile ile. Hapo marehemu na mke wake walifanya jambo ambalo walilificha, Constance alishona fulana ya turubai yenye mifuko arobaini, wakaenda dukani karibu na bandari, wakanunua zile risasi nzito ambazo wavuvi wa kwenye gati hufunga kwenye mishipi, wakazishonea ndani, na marehemu akawa anaivaa chini ya koti jeupe la kazi, kilo ishirini na nne za madini kwenye kifua cha mtu asiyekula. Kila mwezi aliongeza. Mpaka mwezi wa Agosti alikuwa amebeba thelathini na tisa, anapanda ngazi za sanduku, anatabasamu, anashuka, halafu anakwenda kukaa chooni mpaka pumzi irudi.

Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, mbele ya wageni mia mbili, mshono wa fulana ulikatika akiwa juu ya mzani. Risasi zilimwagika sakafuni zikaviringika chini ya meza, ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na yule bwana, badala ya kumshusha, alimfungua koti, akawaonyesha wageni ile fulana, akawaita waje kuipima kwa mikono, na wakaja. Mtu alichukua video. Kesho yake video ile ilimfikia Hardy, mwenye duka la simu, wote mnamjua, yeye ndiye anayetupigia kinanda hapa, na Hardy aliiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la wana Uvira wa Durban, lenye watu mia mbili na kumi na wawili, akaandika chini yake kwamba Bwana Miguu amekamatwa akiiba kilo.

Nilisoma upya ujumbe wote wa siku ile juzi, nikiwa nimekaa peke yangu saluni. Vicheko tisini na sita. Wapo wazee wa kanisa, wapo waimbaji, wapo wanakamati walioandika ile karatasi nzuri ya sekta ya hoteli. Mimi niliweka nyuso tatu za kucheka mpaka machozi, na nikaandika kwamba afadhali wamemshusha kwenye chakula cha watu. Katika watu mia mbili na kumi na wawili, sisi tuliomjua tangu ana kilo tano, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini Honoré, Honoré yule, anahitaji kuongezewa uzito. Nimetafuta neno la kulieleza jambo hilo na nimelipata, ni lile lile nililolitumia kwa chakula chake. Ni uchafu.

Aliyeuliza alikuwa mtu mmoja tu, anaitwa Irene, mwosha vyombo wa bwana yule, Mzulu, ambaye hakuwa na undugu wowote nasi. Alipiga magoti chini ya meza za wageni, akaokota risasi moja moja kwenye bakuli, akazifunga kwenye kitambaa, akapanda taxi mbili mpaka Sydenham, akamkabidhi Constance kifurushi kile na kumwambia kwamba mume wako anaumwa, mpeleke. Tarehe 8 Oktoba 2024, katika hospitali ya serikali, iligundulika kuwa ni saratani ya tumbo, na kwamba ilikuwa imechelewa.

Kuanzia Desemba nilihamia kwao kumsaidia Constance, na kazi ya kumwogesha ikawa yangu. Siku ya kwanza nilimvua soksi, nikashika mguu wake, nikaugeuza kwenye mwanga. Mimi nimeshika miguu ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, miguu ya maharusi, miguu ya wachungaji, miguu ya wake wa mabalozi, na sijawahi kushika miguu misafi namna ile, kucha zimekatwa sawa, visigino laini, kati ya vidole hakuna hata doa, miguu ya mtu aliyejua kwamba watu watakula chini yake. Nilimwambia. Aliniita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu Uvira, akasema, "Yaya, miaka kumi na tatu nangoja mtu wa saluni aangalie hii miguu." Akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili tarehe 2 Machi mwaka huu, kabla sauti haijamwishia, alinirekodia ujumbe kwenye simu, nikiwa chumba cha pili nafua, naye hakutaka kuniambia uso kwa uso. Nausoma kama ulivyo. "Yaya, najua we uko na kinyaa, sikatai, kinyaa iko yako. Ile siku mutanizika, Constance atajaza sanduku, watu wote wakule. Lakini we ndio utapanda juu. Vua viatu, vaa ile soksi yangu mupya, panda polepole, usiruke, ile si ngoma. Na mu ile historia usiseme nilikuwa seremala. Kama itakushinda, eish, haiko mbaya, mutupe tu. Sharp, Yaya." Ujumbe wote, pamoja na ile sharp ya kuagana ya hapa Durban, ni sekunde thelathini na nane. Nimeusikiliza mara nyingi, na kila mara naisubiri sehemu ya kunilaumu, wala haimo.

Marehemu Honoré Kashindi Lubunga alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake Sydenham, siku tatu kabla ya kutimiza miaka arobaini na sita, akiwa na kilo hamsini na mbili. Ameacha mjane na watoto wawili, na ndugu watatu walio hai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa wale waliomwita Mwalimu baada ya kumkuta anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha jirani kugawanya kwa desimali. Tunawashukuru majirani wa Sydenham, na kwa namna ya pekee Bwana Jecha wa Zanzibar, aliyempeleka hospitali kwa gari lake kila Jumatano, akafanya hivyo hata katika mwezi wake wa kufunga, na leo yuko nasi akiwa amefunga. Katika wafanyakazi wenzake tunamshukuru Dada Irene, ambaye amekaa kiti cha mbele pamoja na familia, na hapo ndipo atakaa. Mwajiri wao ameleta maua, makubwa, yenye utepe. Yako nje karibu na pipa, na familia imeomba yabaki huko.

Sasa jibu langu. Nitapanda. Sijasema kwamba kinyaa kimekwisha, harufu ile inanifikia mpaka hapa mbele, na Constance ameweka ule unga wa waridi mwingi kuliko kawaida kwa sababu ndivyo alivyopenda mumewe. Tukitoka hapa mawe yatakaa juu ya kifuniko muda wote tutakaokuwa makaburini, na tukirudi litakatwa, kila mtu atapewa kipande chake juu ya jani, nami nitapokea changu cha kwanza kama alivyoniletea mwaka ule, nitakitafuna, nitakimeza, na kikinishinda nitakwenda kutapika nje, siyo kwenye kitambaa mbele ya watu.

Lakini iko shida moja ya hesabu, na marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu, nadhani aliijua tangu mwanzo. Mama Murashige alimfundisha kwamba sanduku hili halishikamani bila kilo mia moja na kumi na nane. Mimi nina sitini na tatu. Zinabaki hamsini na tano. Blaise na Anaïs wameomba kupanda nami, nimewakatalia, wao hawakucheka. Hardy, nakuona hapo kwenye kinanda, wewe una kilo themanini, njoo, vua viatu. Na wengine kati ya wale tisini na sita, tutapokezana wawili wawili, soksi nyeupe nimenunua za kutosha, beseni na maji na sabuni viko chini ya meza, na kabla hamjapanda nitawaosha miguu mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mara tatu, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Pumzika kwa amani, Honoré. Shuka sasa, mdogo wangu, ni zamu yetu kupanda.